Kuchuja intaneti shuleni: DNS ya bure, Pi-hole, MikroTik au pfSense, ipi inafaa shule ya hapa Dar?

Kama wewe ni mwalimu wa kompyuta au fundi unayehudumia shule, hili swali lazima limeshakufikia. Mkuu wa shule kaunganisha intaneti kwenye chumba cha kompyuta, wazazi wameuliza kwenye kikao watoto watalindwaje na video za ngono na mikeka, na wewe ndo umeambiwa ulete jibu. Ukitafuta mtandaoni unakutana na majina kibao, kila mtu anasifia chake, na maelezo mengi yameandikwa kwa shule za Marekani au Uingereza ambazo zina watu wa IT wa kudumu. Hapa nalinganisha njia ambazo kweli zinawezekana kwenye shule zetu, za kata na za binafsi, kompyuta kuanzia 20 mpaka 60 hivi, intaneti ya fiber au ile rauta ya kuweka laini ya simu, na anayeitunza ni mwalimu ambaye ana Hisabati au Fizikia ya kufundisha pia.

Hicho cha mwisho, nani anaitunza, kwangu ndo kinaamua kuliko vyote, kuliko hata bei. Kuna shule moja upande wa Temeke ilifungiwa pfSense, yaani kompyuta iliyogeuzwa fayawoli ya shule, safi kabisa na fundi aliyejua kazi yake, imekaa vizuri, halafu fundi akapata kazi mkoani. Siku ya kusajili watahiniwa ukurasa mmoja ukazuiwa na kichujio, hakuna mwalimu aliyejua pasiwedi, mtu akachomoa waya akaunganisha swichi moja kwa moja kwenye rauta ya kampuni ya simu na usajili ukaendelea. Ule waya haukurudishwa tena. Kwahiyo kila njia nitakayoitaja nitaipima na swali hilo: siku ikileta shida na aliyeifunga hayupo, mwalimu aliyepo atafanya nini?

DNS ya bure ya nje

Hii ndo rahisi kuliko zote na kwa shule nyingi inatosha kuanzia. DNS ni ile huduma inayobadilisha jina la tovuti kuwa namba ya IP, kompyuta haiwezi kufungua tovuti bila kuuliza namba yake kwanza. Ukiweka DNS inayochuja, mwanafunzi akiuliza namba ya saiti ya ngono anajibiwa kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa mtaa huo haupo. Hununui kitu, hufungi programu kwenye kompyuta, unaingia kwenye rauta unabadilisha namba mbili basi.

Tatu zinazotumika sana ni hizi. Cloudflare wana 1.1.1.3 na 1.0.0.3, waliizindua Aprili 2020, inazuia virusi na maudhui ya watu wazima. Angalia hiyo tarakimu ya mwisho, 1.1.1.1 haichuji chochote na 1.1.1.2 inazuia virusi tu, nimekuta shule imeweka 1.1.1.1 wakaamini wamechuja. OpenDNS FamilyShield ni 208.67.222.123 na 208.67.220.123, iko chini ya Cisco tangu 2015, inazuia ngono na pia saiti za proksi ambazo wanafunzi wanatumia kuzunguka. CleanBrowsing upande wa familia ni 185.228.168.168 na 185.228.169.168, na hii ndo kali zaidi kati ya tatu, inazuia ngono, proksi na vpn, inalazimisha Google na Bing zitafute kwa usalama, inaweka YouTube kwenye hali ya kuchuja, na inafunga hata saiti mchanganyiko kama Reddit.

Kwa shule mi nachagua CleanBrowsing kati ya hizo. Sababu ni Google na YouTube. Mwanafunzi hahitaji kuingia kwenye saiti ya ngono kuona ngono, anaandika neno kwenye Google, anabonyeza sehemu ya picha, zote zinamjia pale pale kutoka google.com na DNS ambayo haigusi Google inakuwa haijaona kitu. Ubaya wake ni kwamba hukati wala hupunguzi, ukali wao ndo wako. Mwalimu wa Baiolojia atakuja kulalamika video fulani ya YouTube haifunguki, na maoni chini ya video hayaonekani, na huna pa kubonyeza kumruhusu yeye peke yake.

Pengo kubwa la zote tatu kwa hapa kwetu ni kamari. Zimejengwa kwa ajili ya ngono na ulaghai, mikeka haimo. Ukweli tunaujua wote, kijana wa kidato cha tatu hapa Dar ana uwezekano mkubwa wa kufungua saiti ya kubeti kuliko kitu kingine chochote, na kwa wazazi wengi hilo ndo linalowauma. Kwahiyo kama tatizo la shule yako ni mikeka, DNS ya bure peke yake haikusaidii, songa mbele.

Kuna DNS za nje unazofungua akaunti na kuchagua mwenyewe makundi ya kuzuia, kamari ikiwemo. OpenDNS Home ni mojawapo, ila hapa kuna mtego ambao maelezo ya wazungu hayautaji. OpenDNS Home inakutambua kwa IP yako ya nje. Rauta za laini ya simu hapa kwetu mara nyingi hazipewi IP ya peke yao, wateja wengi mnashirikishwa IP moja na inabadilika badilika, kwahiyo setingi zako zinaweza zisikufuate kabisa au ukakuta aliyeisajili IP hiyo ni mtu mwingine usiyemjua. Kama una fiber yenye IP yako maalumu sawa, kama una rauta ya laini achana nayo. NextDNS inalikwepa hilo kwa sababu inakutambua kwa kiungo chako maalumu, sio lazima IP. Ila cha bure chao kina kikomo cha maulizo 300,000 kwa mwezi, ukivuka inaendelea kufanya kazi bila kuchuja. Piga hesabu, kompyuta 40 kwa siku 20 za masomo, kila kompyuta inapata maulizo 375 kwa siku, na ukurasa mmoja wa gazeti wenye matangazo unaweza kula makumi ya maulizo ukifunguka mara moja tu. Katikati ya mwezi mnaweza kuwa hamna kichujio na hakuna atakayewaambia. Mpango wa kulipia upo, kama shule ina bajeti ni njia nzuri sana, kama haina usianze nayo.

Swali langu la matunzo: ikileta shida mwalimu anaingia kwenye rauta anarudisha DNS ya kawaida kwa saa moja, kazi inafanyika, anairudisha. Karatasi moja yenye namba nne iliyobandikwa ndani ya kabati la rauta inatosha.

Pi-hole

Pi-hole ni programu ya bure unayoweka kwenye Raspberry Pi au kompyuta yoyote ya zamani yenye Linux, inakuwa DNS ya shule yenyewe. Haili nguvu, RAM ya MB 512 inatosha. Tofauti yake na ile ya kwanza ni kwamba orodha ya kuzuia ni yako. Ile orodha maarufu ya StevenBlack ina matoleo yenye kamari, ngono na mitandao ya kijamii, unachagua unalotaka, na saiti za kubeti za hapa ambazo orodha ya mzungu haizijui unaziongeza kwa mkono, jina moja moja. Hapa usitegemee orodha za nje kabisa. Saiti na blogu za Kiswahili zenye uchafu, wenye orodha hizo hawazioni, ni mwalimu wa hapa hapa ndo anazijua au anazisikia kwa wanafunzi. Tenga nusu saa kila mwezi ya kuongeza majina, hiyo ni kazi ya kweli na inalipa.

Kingine kinachonifanya niipende ni makundi. Tangu toleo la 5 la mwaka 2020 unaweza kuweka kompyuta za maabara kundi moja kali, na za ofisi ya walimu kundi lingine lenye ulegevu. Na matangazo inayazuia yenyewe, kurasa zinakuwa nyepesi, kwa shule inayonunua bando la GB hiyo ni pesa inayobaki mfukoni.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaitaji, unaweza kuiwekea CleanBrowsing nyuma yake. Pi-hole isipokuwa na jibu inaenda kuuliza DNS ya nje, basi ya nje iwe CleanBrowsing badala ya 8.8.8.8, ile ya Google isiyochuja. Hapo ngono, Google na YouTube zinashughulikiwa na wao, mikeka na mambo ya hapa unashughulikia wewe. Kwangu huu ndo mchanganyiko bora kwa hela kidogo.

Ubaya ni umeme. Raspberry Pi inayotumia kadi ndogo ya kumbukumbu haipendi kukatiwa umeme ghafla, kadi inaharibika, na kifaa kikifa chumba kizima hakina intaneti kwa sababu hakuna wa kujibu maulizo. Weka UPS ndogo hata ile ya rauta, au tumia laptopu ya zamani ambayo betri bado inashika robo saa, hiyo ni UPS tayari. Na chukua nakala ya setingi, kwenye ukurasa wa Pi-hole kuna sehemu ya kutoa nakala nzima kwenye faili moja, iweke kwenye flashi ya mkuu wa shule.

Jambo la sheria kidogo. Pi-hole inaandika kila kompyuta imeuliza nini na saa ngapi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hawa ni watoto. Usiache kumbukumbu za mwaka mzima zikae tu pale na kila mwalimu ana pasiwedi, punguza siku za kuhifadhi kwenye setingi na waambie wazazi na wanafunzi wazi kwamba kompyuta za shule zinachujwa na zinaandikwa.

MikroTik

Hizi rauta za Latvia zimejaa Dar, mafundi wengi wa hapa wamejifunzia netiweki juu yake, na hilo ni jambo kubwa, maana yake fundi akiondoka, Kariakoo utapata mwingine anayeifungua Winbox, programu ya kupangia setingi zake, bila kuuliza. Ile rauta yao ndogo ya hEX bei ya kiwandani ni kama dola 60, ikifika dukani inaongezeka lakini bado shule inaimudu.

Sasa watu wanakosea wapi. Wanafuata video za zamani za kuzuia Facebook kwa Layer7, wanaandika maneno kwenye regex wakidhani rauta itasoma ukurasa. Tovuti karibu zote sasa ni HTTPS, kilichomo ndani kimefungwa, rauta haioni maneno, unaichosha prosesa bure. Na kuzuia kwa neno hata pale inapowezekana ni hatari kwa Kiswahili, kuna tusi la herufi nne ambalo limo ndani ya neno kumaliza na kumaanisha, na mada ya uzazi kwenye Baiolojia yote itapotea. Achana na maneno, zuia kwa majina ya tovuti.

Kazi halisi ya MikroTik kwenye hili, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo kiini cha mambo, ni kulazimisha. Ukiweka CleanBrowsing au Pi-hole kwenye rauta, kompyuta inaifuata kwa hiari tu. Mwanafunzi mjanja anaingia kwenye setingi za netiweki za Windows, anaandika 8.8.8.8, kichujio kimekwisha, inamchukua dakika moja na atawafundisha wenzake wote kabla ya kengele. Rauta za bure za kampuni za simu nyingi haziwezi kumzuia. MikroTik inaweza. Unaingia IP, Firewall, NAT, unaongeza sheria: chain ni dstnat, protocol udp, dst port 53, in interface ni ule upande wa wanafunzi, action ni redirect. Unarudia hiyo hiyo kwa tcp. Basi, kuanzia hapo kompyuta yoyote ikiuliza 8.8.8.8 swali linakamatwa njiani linajibiwa na rauta yako. Yeye anaona 8.8.8.8 kwenye setingi zake na bado saiti haifunguki. Kama una Pi-hole tumia dst-nat kuelekea IP ya Pi-hole badala ya redirect, ila ukumbuke kuitoa Pi-hole yenyewe kwenye hiyo sheria la sivyo maulizo yatazunguka humo humo, na kama iko kwenye mtandao mmoja na wanafunzi utahitaji na masquerade, vinginevyo majibu yatarudi kwa njia nyingine na kompyuta itayakataa. Halafu funga bandari ya 853 ambayo ni ya DNS iliyofichwa.

MikroTik yenyewe pia inaweza kuwa kichujio bila Pi-hole. Kwenye DNS Static unaandika www.google.com iende forcesafesearch.google.com kwa aina ya CNAME, na www.youtube.com iende restrict.youtube.com, au restrictmoderate.youtube.com ukitaka ukali wa wastani ambao walimu hawalalamiki sana. YouTube ina majina mengine, usisahau m.youtube.com, www.youtube-nocookie.com, youtubei.googleapis.com na youtube.googleapis.com. Na kosa ninalolikuta kila mara ni kuisahau www.google.co.tz, watu wanafunga google.com wanaacha mlango wa nyumbani wazi. Kuanzia toleo la 7.15 la RouterOS, programu inayoendesha MikroTik, kuna na adlist, unaipa anwani ya orodha kama hiyo ya StevenBlack inaivuta yenyewe, ila rauta ndogo ina RAM ndogo, usiipakie orodha ya mamilioni.

Ukiilinganisha na Pi-hole: Pi-hole ni rahisi mno kwa mwalimu kuitumia kila siku, ukurasa unasomeka, unaona nini kimezuiwa na unakiruhusu kwa kubofya. MikroTik haina huo urahisi, ila ndo inayofunga mlango. Kwahiyo sio hii au ile, mlango unahitajika kwa hali yoyote, na hela ikiwa ya kifaa kimoja tu nunua MikroTik kwanza, Pi-hole itakuja na kompyuta yoyote ya zamani iliyopo stoo.

pfSense, OPNsense na proksi

Hapa unachukua kompyuta yenye kadi mbili za netiweki, unaifanya fayawoli ya shule. Ina nguvu kweli, VLAN za kugawa mtandao vipande, ripoti, kugawa spidi, na pfBlockerNG inafanya kazi ya Pi-hole ndani yake. Kwa shule kubwa yenye bweni, kompyuta zaidi ya 100 na mtu wa IT wa kuajiriwa, hii ndo naipendekeza.

Ila kama unaitaka kwa ajili ya Squid na squidGuard, vifurushi vyake vya proksi ya kuchuja, ambayo ndo sababu mafundi wengi wanaitaja kwenye nukuu zao za bei, subiri. Netgate wenye pfSense walishatangaza kwamba hivyo vifurushi vinaachwa kwa sababu ya mashimo ya usalama. Na hata vikifanya kazi, proksi ili ione ndani ya HTTPS lazima ifungue mawasiliano katikati, na lazima uweke cheti chake kwenye kila kompyuta, ukisahau moja inajaa maonyo mekundu, na ukikiweka vizuri maana yake barua pepe na pasiwedi za walimu zinapita wazi ndani ya boksi lililoko chumba cha kompyuta. Mi siridhiki nalo hilo shuleni. Faida unayopata, ya kuzuia ukurasa mmoja ndani ya tovuti badala ya tovuti nzima, ni ndogo ukilinganisha na hatari yake na kazi yake. Fundi akikuletea bei kubwa ya proksi ya kufungua HTTPS kwa maabara ya kompyuta 30, muulize nani atapanga vyeti muhula ujao kompyuta zikiwekwa Windows upya.

Boksi za kulipia kama FortiGate ni nzuri na zinajua makundi mengi, ila leseni ni ya kila mwaka, na ikiisha muda uchujaji wa makundi unakufa. Nunua tu kama bodi imekubali kuiweka kwenye bajeti ya kila mwaka, sio kwa hela ya mfadhili ya mara moja.

Programu kwenye kila kompyuta

Microsoft Family Safety usiihangaikie, imetengenezwa kwa ajili ya nyumbani, inataka akaunti ya kila mtoto na uchujaji wake unategemea Edge. Kuhariri faili la hosts kwenye kompyuta moja moja ni adhabu kwa mwalimu.

Ila kuna mambo mawili ya upande huu ambayo ni lazima hata kama una vichujio vyote vya juu. La kwanza, mwanafunzi asitumie akaunti ya admini. Hili peke yake linazuia kubadilisha DNS, kufunga programu nyingi za vpn, na nusu ya utundu wote, na ni bure, lakini shule nyingi kompyuta zote zinawaka na akaunti moja ya admini bila pasiwedi. La pili, sera za brauza. Chrome na Edge zina setingi za msimamizi kama DnsOverHttpsMode, ambayo unaizima ili brauza isiulize DNS kwa njia yake ya siri, na URLBlocklist. Na ongeza Veyon, ya bure, inamwonyesha mwalimu skrini zote za darasa kwenye kompyuta yake. Kwa darasa la watu 40, jicho la mwalimu linakamata vitu ambavyo orodha yoyote haijui.

Kufunga kila kitu na kuruhusu chache

Kwa shule ya msingi mi naona hii inashinda zote. Watoto wa darasa la tatu mpaka la saba hawahitaji intaneti nzima. Weka Kolibri kwenye kompyuta moja ya shule, ina masomo yanayofunguka bila intaneti na kurasa zake zipo kwa Kiswahili, na Kiwix yenye Wikipedia. Ya Kiingereza nzima na picha ni zaidi ya GB 100, ya Kiswahili ni ndogo mno ukilinganisha, zote zinakaa kwenye diski moja. Baada ya hapo ruhusu majina machache, maktaba mtandao ya TIE (Taasisi ya Elimu Tanzania), tovuti ya NECTA, na chache walimu watakazoomba. Bando halipotei na hakuna cha kuzungukwa.

Kwa sekondari imenishinda kuipendekeza. Tovuti za siku hizi zinavuta vipande kutoka majina kumi mengine, unaruhusu moja inafunguka nusu, na mwanafunzi wa kidato cha nne anatakiwa ajifunze kutafuta na kupima anachokipata.

Zikishindana kwa wanafunzi wajanja

Kubadilisha DNS: DNS ya bure peke yake inashindwa, Pi-hole peke yake inashindwa, MikroTik na pfSense zinashinda. DNS ya siri ya ndani ya brauza: Pi-hole inaiambia Firefox iache kwa kujibu kwamba jina use-application-dns.net halipo, lakini hiyo ni kwa Firefox ambayo mtu hajaigusa, aliyeiwasha mwenyewe unamzuia kwa sera za brauza na kwa kuzuia majina ya watoa huduma hao. Vpn: hakuna inayoshinda kabisa. CleanBrowsing inafunga saiti zake nyingi, akaunti isiyo ya admini inazuia kuweka programu zake nyingi, na unaweza kuruhusu bandari za tcp 80 na 443 tu kwenye rauta ukafunga udp 443, lakini viongezi vya vpn vya ndani ya Chrome vinapita humo humo kwenye 443. Dawa yake ni sera ya ExtensionInstallBlocklist yenye alama ya nyota, inafunga viongezi vyote. Na waambie wanafunzi kwamba TCRA tangu Oktoba 2023 wametaka anayetumia vpn aisajili, sio jambo la utundu tu.

Simu ya mwalimu iliyowashwa hotspot hakuna boksi linaloizuia. Waifai ya walimu nayo iwe na mtandao wake na pasiwedi yake, maana ikivuja basi maabara yako iliyofungwa vizuri haina maana, watoto wanaingilia ofisini.

Mi ningechagua hivi

Shule ya msingi: Kolibri, Kiwix na majina machache ya kuruhusu. Shule ya kata yenye rauta ya laini, kompyuta 20 na hela hamna: CleanBrowsing leo hii, akaunti za wanafunzi ziondolewe uadmini, Veyon, na MikroTik ikipatikana hela. Sekondari yenye maabara ya kompyuta 30 mpaka 60: MikroTik ya kulazimisha, Pi-hole kwenye kompyuta ya zamani yenye UPS, CleanBrowsing nyuma yake, na huu ndo mpangilio ninaouamini zaidi kwa sababu kila kipande kikifa mwalimu anaweza kukiruka kwa muda bila kubomoa vingine. Shule kubwa ya bweni yenye mtu wa IT: OPNsense au pfSense na kuchuja kwa DNS, bila kufungua HTTPS.

Ukishamaliza kufunga usijaribu kwenye kompyuta yako. Kaa kwenye kompyuta ya mwanafunzi, ingia kwa akaunti ya mwanafunzi, ufanye haya: fungua saiti mbili za kubeti unazoona matangazo yake barabarani, tafuta picha kwenye google.com halafu kwenye google.co.tz, jaribu kuweka 8.8.8.8, jaribu kuongeza kiongezi cha vpn kwenye Chrome, halafu fungua tovuti ya NECTA, ya TIE na video moja ya YouTube ya uzazi ambayo mwalimu wa Baiolojia anaitumia. Hizo tatu za mwisho zikikataa, zirekebishe siku hiyo hiyo kabla hujaondoka shuleni, kwa sababu kesho asubuhi mtu mwenye haraka atachomoa waya.